Amina ya Miritini

Kanisa la Kilele cha Baraka halikuwa kwenye kilele chochote. Lilikuwa bondeni, nyuma ya maghala ya Changamwe, mahali ambapo mvua ikinyesha maji huingia ibadani kabla ya waumini. Hata Jumapili nzuri, viti vilivyokaliwa na mikoba vilikaribia kuwa vingi kama vilivyokaliwa na watu. Na ni ndani ya kanisa hilo lisilojaa ndimo Mchungaji Elkana alimooteshwa kwamba makanisa yaongezwe.

Si moja, matatu: Miritini, Timbwani na Mwakirunge. Aliwaambia wazee wa kanisa, walipokaa duara baada ya ibada, kwamba ameona taa tatu zikiwaka gizani na sauti ikamwamuru apanue hema lake. Alipofika kwenye ile sauti alilia kidogo. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mama Mueni, mwanamke peke yake katika duara lile, alimtazama akijipangusa machozi kwa leso iliyopigwa pasi, akapiga hesabu yake kimoyomoyo. Mke wa mchungaji ana karama ya kusema na hana pa kusemea. Shemeji wa mchungaji ameachishwa kazi bandarini. Na mwana wa mchungaji, Griffin, amemaliza chuo cha Biblia kule Nairobi na hadi leo hakuna aliyemwita hata kubariki gari. Hizo ndizo taa tatu. Ndoto ile hata muuza mihogo angeiagua.

Hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, huyu Mueni. Alishuka Pwani na mume dereva wa malori, mume akafa, naye akabaki na hoteli yake ya mabati pale Miritini, malori yanapoegeshwa karibu na njia ya kwenda stesheni ya reli. Kuwapikia madereva kulimfundisha kumsoma mtu kabla hajaagiza chakula. Alikuwa na dharau, tena dharau isiyobagua. Aliwadharau wahubiri wanaobweka, wanakwaya wanaojitikisa kuliko wanavyoimba, na wazee wa kanisa wanaosinzia mahubiri kisha wakaamka kuyasifu. Watu walimwita mkali, naye aliona wamempunguzia sifa.

Lakini kulikuwa na jambo moja, na heri lisemwe mapema: Miritini aliitaka yeye. Kila Alhamisi alasiri, kazi ya hoteli ikipoa, ua wake ulijaa wachuuzi wa kando ya barabara, vibarua wa nyumba mpya na wake wa madereva, watu wasioweza kupanda gari kwenda Changamwe kila Jumapili. Aliwafundisha Neno, akawanywesha chai, akawazikia jamaa zao. Mchungaji Elkana hakuwahi kukanyaga pale ila siku ya pilau. Kama Miritini ingekuwa kanisa, basi mchungaji wake alikwisha kuwepo, kilichobaki ni kumvika joho. Hilo Mueni hakumwambia mtu. Angelisema, angekuwa sawa na wote aliokuwa akiwadharau, na kwake hiyo ilikuwa aibu kubwa kuliko kunyimwa.

Sasa, Kilele cha Baraka hawapigi kura. Mwasisi wa kanisa alikataza, akasema kura ni mambo ya wanasiasa. Jambo likiletwa, mchungaji huliombea. Wazee wote wakiitikia "Amina", limepita. Akinyamaza hata mmoja, linalala mpaka Roho aseme tena. Na mchungaji habishiwi, ni mpakwa mafuta. Basi wazee, ambao walikuwa na ndimi kama watu wengine, walijifunza kubishana ndani ya maombi, maana anayeomba hakatizwi na mtu. Wakifumba macho tu, vita huanza. Mmoja ataomba, "Baba, mrehemu mtumishi wako aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo, na sasa spika haionekani." Na mwenye ufunguo atajibu kwa sauti ya unyenyekevu, "Baba, wasamehe wanaosingizia wenzao, uwape kazi za kufanya majumbani kwao." Vikao vilikuwa virefu. Kila mtu aliondoka amesemwa vya kutosha, wala hakuna aliyeweza kusema ametukanwa.

Siku ya zile taa, Mueni aliwahi kuomba kabla ya mchungaji.

"Baba," alisema, macho kayafumba, "wewe unayeviona viti vitupu vya huko Miritini, tufumbue macho tuvione vya hapa Changamwe. Na kama kuna mtu anatafutia jamaa zake pa kukaa, Bwana, muonyeshe nyumba za kupanga."

Mzee Kiponda akazuia kicheko akakitoa kama kikohozi. Huyu alikuwa Mdigo wa Timbwani aliyeacha msikiti wa babake ujanani, mtu wa maneno taratibu, aliyevuka feri kila Jumapili na kila Jumapili akailaumu. Mchungaji Elkana naye akaomba, akazunguka mbingu zote, akazishukuru taa moja moja, akamalizia kwa jina la Yesu.

"Amina," wakaitikia wazee.

Mueni alifunga mdomo. Kiponda alikohoa tena. Jambo likalala.

Haukupita muda, Mchungaji Elkana akatokea hotelini kwa Mueni, shati jeupe, viatu vinang'aa, akaketi kwenye benchi la madereva kana kwamba alizaliwa juu yake. Aliagiza chapati na ndengu. Akazisifu ndengu. Akamsifu na marehemu mume, ambaye hawakuwahi kuonana. Mueni alisimama na kitambaa cha meza mkononi, akingoja. Aliwajua wanaume wanaosifu chakula kabla ya kukimaliza.

"Mama," alisema mchungaji, "mimi na wewe tusifichane. Mchungaji wa Miritini ni wewe. Nani mwingine? Hawa ni watu wako."

Mueni akaipangusa meza iliyokuwa safi.

"Na Griffin?"

"Griffin bado mtoto. Atabaki Changamwe, anishikie vipaza sauti." Mchungaji akakunja chapati, akaichovya. "Ila tusiliseme mapema. Wazee wetu unawajua, wana wivu. Ukilisema sasa, watalinyamazia makusudi."

Mwanamke huyu hakumkopesha dereva sahani ya maharagwe bila kumuuliza anakotoka, anakokwenda na nani atamlipia asiporudi. Leo hakuuliza lolote. Alihisi moto umepanda kifuani, akamwongezea mchungaji ndengu bila kuombwa, akamkataza kulipa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao walikuwa wameinama wote wawili, kila mmoja akidhani ni mwenzake peke yake aliyeinama.

Kikao kilichofuata, Mchungaji Elkana aliwaambia wazee kwamba taa ya Mwakirunge imefifia kidogo, hivyo wataanza na mbili. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwakirunge kuna machimbo ya mawe na jaa la taka, na watu wa huko ndio peke yao waliowahi kuja kwa miguu yao kuomba wajengewe kanisa. Lakini Mwakirunge hakuna aliyeitaka. Hata Mueni hakuitaka, na hakukaa akajiuliza.

Alipofumba macho kwa maombi, aliibia kumtazama Kiponda. Mzee alikuwa amenyoa ndevu, amevaa kofia mpya, ameketi wima kama bwana harusi. Mjinga huyu ameahidiwa Timbwani, Mueni akajisemea, tena kaamini. Akamdharau kwa roho yake yote. Nyani haoni kundule.

"...katika jina la Yesu," akamaliza mchungaji.

"Amina!" akaitikia Mueni, kabla ya wote na kuwashinda wote.

Siku zilizofuata hoteli ya Miritini ilikuwa na mambo. Mueni alimpelekea fundi kitambaa cha zambarau na cheupe, akashonewa joho, akalificha chini ya magunia ya unga. Asubuhi, kabla ya madereva kuamka, alihubiria jikoni kwa sauti ya chini, akijaribu mkono wa kulia, akijaribu wa kushoto. Nafula alimkuta hivyo mara moja, akarudi nyuma kimya kimya. Nafula ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja Alhamisi, tangu ua ule ulipokuwa tope tupu. Aliuza ndizi na maji kwa abiria wa reli, na sasa alikuwa ameheshimika, ana kibanda, ana kijana aliyesoma, na kijana amepata mchumba.

"Jumapili ya uzinduzi nitawaleta wakwe, Mama," alimwambia Mueni. "Watoke Mariakani waje waone kanisa letu. Wanasema hawaozi binti kwa watu wasio na kanisa."

"Walete," alisema Mueni. "Watamwona mchungaji wenu."

Akacheka peke yake, na Nafula akacheka kwa adabu.

Jumapili ikafika. Hema la buluu lilisimamishwa kwenye kiwanja karibu na njia ya stesheni. Viti vya Changamwe vililetwa kwa lori, na watu wa Changamwe wakaletwa kwa lori la pili ili wavikalie, Miritini ionekane imeitika. Mueni aliwaona wakishuka, wanakwaya wale wale, kina mama wale wale wenye mikoba ile ile, wakipangwa viti vya mbele na kuambiwa washangilie kama wageni. Akatikisa kichwa. Kanisa limejihamisha kuja kujitembelea lenyewe. Lakini hakusema kitu, maana mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na joho.

Watu wake wa Alhamisi walikuwa wamesimama kando, wamegawiwa fulana za manjano. Nafula akamjia akitabasamu meno yote, nyuma yake kijana wake na wakwe, mzee mmoja na mkewe, wamevaa vizuri na kutazama kila kitu kwa macho ya kupima. Na kifuani mwa Nafula, ndani ya duara, juu ya maneno "Kilele Miritini", kulikuwa na uso wa kijana mwenye miwani myeusi.

Uso wa Griffin.

Mueni akamtazama Lavender, mmoja wa wale wa Alhamisi. Griffin. Akamtazama mlinzi wa maghala, ambaye yeye Mueni alimbatiza kwa mkono wake. Griffin. Miritini yote ilikuwa imemvaa Griffin kifuani, hata mtoto mmoja mdogo ambaye fulana ilimfika magotini. Hasira ikampanda. Hakulia. Mueni kulia ni kuwafurahisha watu.

Alimkuta Mchungaji Elkana nyuma ya hema, akinyooshwa tai na mkewe.

"Ulisema nini kwangu?" alimuuliza.

"Mama, Mungu alibadilisha."

"Lini?"

"Mama wa Miritini ni wewe tu, hakuna atakayekunyang'anya hilo. Mchungaji ni cheo, mama ni heshima." Akamshika bega, laini, kama anayemsogeza mbuzi. "Tena nimekupa sala ya kumsimika. Hiyo sikumpa hata mke wangu."

Mke wa mchungaji akatazama pembeni. Naye alikuwa bado hajapewa taa yake, na uso wake ulisema hivyo waziwazi.

Ibada ikaanza. Griffin akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti karibu ya kukila. "Wasee wa Miritini, mko poa?" Vijana wakapiga mayowe. Alihubiri kidogo, akaruka sana, akasema Yesu ni rafiki wa ukweli. Mueni aliketi mbele, mfuko magotini, akimsikiliza kwa dharau iliyokamilika, isiyohitaji kuongezwa chumvi. Hata Goliathi alimtaja, na habari yake akaikosea.

Kisha Mchungaji Elkana akachukua kipaza sauti. "Na sasa, mama yetu, mama wa Miritini, atakuja kuweka mkono juu ya mtumishi na kumwombea. Tusimame. Tufumbe macho."

Griffin akapiga magoti. Watu wote wakafumba macho. Mueni akaacha mfuko kwenye kiti, akapanda, akapewa kipaza sauti cha pili, akaweka mkono juu ya kichwa cha kijana, kichwa kilichopakwa mafuta mengi hata mkono ukateleza.

"Baba," akasema.

"Ndiyo, Baba," wakasema watu.

"Nakushukuru kwa Miritini. Wewe unajua ni nani aliyeianza. Unajua ni ua wa nani na chai ya nani. Unajua mtumishi wako Elkana alikuja kwangu, akala ndengu zangu, akaniambia mchungaji wa Miritini ni mimi, akaniomba nisiseme. Leo nasema, maana kwako hakuna siri."

"Ndiyo, Baba," wakasema wa Changamwe, ambao walikuwa wamekwisha choka na jua na kuitikia kwa mazoea. Jacktone, mpiga kinanda, alikuwa anasikiliza. Akapandisha kinanda. Mueni naye akapandisha sauti.

"Unawajua na hawa watu, Bwana. Uliwatoa mbali, na mimi ndiye uliyenituma niwatoe. Nafula huyu, aliyekuwa akilala mtaroni amelewa chang'aa, malori yakimkwepa, nani alimwokota? Lavender huyu aliyekuja na mimba asiyejua ni ya nani, nani alimpa pa kulala? Ni Griffin, Bwana? Griffin alikuwa wapi?"

"Asante, Yesu!"

"Basi ile Amina niliyoitoa Changamwe niliitoa nimedanganywa, naichukua tena. Jambo hili lilale. Hema likunjwe, viti virudi vilikotoka, asisimikwe mtu hapa. Katika jina la Yesu."

"Amina!" likaitikia hema zima. Na Amina iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya Mchungaji Elkana, kwa kipaza sauti, kwa sababu alikuwa ameshughulika kuipungia kwaya mkono ijiandae na hakusikia hata neno.

Kwaya ikaanza wimbo. Mzee Kiponda akajitokeza kwenye safu ya wazee, akanyoosha mkono, akangoja hadi wimbo ukafa wenyewe.

"Mchungaji," alisema kwa upole wake wa Kipwani, "samahani, wallahi sitaki kuharibu shughuli. Lakini imepita."

"Nini imepita, Mzee?"

"Hema likunjwe. Mama kaomba, nawe umeitikia Amina, sote tumekusikia. Wazee wote wameitikia. Mimi mwenyewe nimeitikia, tena sikuitikia kwa kulala."

Mchungaji Elkana akacheka, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye. "Hiyo ilikuwa sala tu!"

"Na ile ya kwanza ilikuwa nini?" akauliza Kiponda. "Kama Amina ya leo si kitu, basi na ya juzi si kitu, na hema hili limesimama bure. Halafu hilo la ndengu... Kwangu ulikula samaki."

Hapo wazee wengine wakaanza kutazamana, kila mmoja akikumbuka alichomlisha mchungaji. Haikuchukua muda shughuli ikavunjika. Griffin aliinuka akajipangusa magoti, akauliza kama anaweza kwenda. Wa Changamwe waliposikia lori linarudi mapema, walifurahi waziwazi, wengine wakawahi viti vya mbele kwenye lori kabla viti vya plastiki havijapakiwa. Mke wa mchungaji alipanda gari na kufunga kioo. Mchungaji alibaki akimweleza Jacktone kwamba adui hapendi upanuzi wa kazi ya Mungu, na Jacktone akaendelea kuzungusha nyaya zake.

Mueni alisimama katikati ya kiwanja, nguvu zimemjaa mwilini kama msichana. Amewashinda. Amewashinda wote kwa fimbo yao wenyewe, mbele ya watu, macho yakiwa yamefumbwa. Aliwatafuta watu wake awaambie kwamba Alhamisi iko pale pale.

Aliwakuta kando ya barabara. Lavender alikuwa amekwisha kuondoka. Nafula alikuwa peke yake mbele, ameivua ile fulana, ameikunja, ameishika chini ya kwapa. Nyuma yake pale walipokuwa wakwe hapakuwa na mtu.

"Wako wapi wageni wako?" aliuliza Mueni.

"Wameondoka. Hawakungoja chakula."

"Watarudi."

"Yale ya chang'aa nilikuambia wewe peke yako, Mama," alisema Nafula. Hakupandisha sauti. "Jikoni kwako, siku ile nikilia. Hata mwanangu hakuyajua. Leo ameyasikia akiwa amesimama na babamkwe wake."

"Sikuwa nasema na wao. Nilikuwa nasema na Mungu."

"Kwa kipaza sauti."

Mueni akafanya alilolijua. Akainua mkono kuuweka juu ya bega la Nafula.

"Njoo," alisema. "Njoo nikuombee, mwanangu."

Nafula akarudi nyuma hatua moja, mkono wa Mueni ukabaki hewani.

"La, Mama," alisema, kwa adabu ile ile aliyomzoesha. "Tafadhali. Usiniombee."

Akampa ile fulana, akavuka barabara kwenda kufungua kibanda chake.